Nguo za kazi za wachimbaji wadogo

Nguo za kazi za wachimbaji wadogo ni mavazi yanayovaliwa na watu wanaochimba, kubeba, kusaga na kuchenjua mawe ya dhahabu kwa zana ndogo. Nchini Tanzania wachimbaji hao ni wengi katika mikoa ya Geita na Shinyanga, katika maeneo kama Nyarugusu, Lwamgasa, Mgusu, Kakola, Nyangalata na Mwakitolyo. Nguo hizo ni pamoja na ovaroli, suruali na mashati ya kitambaa kizito, jaketi, gambuti, glavu, kofia ngumu na vizibao vyenye ukanda wa kuakisi mwanga.

Sehemu kubwa ya nguo hizo hununuliwa mitumbani. Kwa sababu hiyo wachimbaji wengi hukutana na kombati, yaani suruali na jaketi za mabakabaka zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi ya nje, au nguo za mtindo zilizoigwa kutoka humo. Kitambaa chake ni imara, lakini kuivaa Tanzania kunaweza kumfikisha raia mahakamani. Makala hii inaeleza sifa zinazoifanya nguo ya kazi idumu, namna ya kuzipata sifa hizo bila mabaka, na hatari ambazo nguo inaweza kuzuia au kuongeza.

Historia

Uchimbaji wa kisasa katika ukanda huu ulianza wakati wa ukoloni. Mgodi wa chini ya ardhi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulianzishwa na John Williamson mwaka 1940. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ulipanuka sana kuanzia miaka ya 1980. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika Mkoa wa Shinyanga, mwaka 2001. Mkoa wa Geita wenyewe ulianzishwa mwaka 2012.

Migodi mikubwa huwapa wafanyakazi wake sare zilizochaguliwa na wataalamu wa usalama. Mchimbaji mdogo hujitafutia mwenyewe. Hivyo katika eneo moja mtu anaweza kuona mavazi ya aina mbili: upande mmoja wa uzio ni ovaroli zinazong'aa kwa kanda za kuakisi mwanga, na upande wa pili ni jinzi zilizochakaa, kaptula, fulana na ndala.

Uhusiano wa nguo imara na uchimbaji si wa Tanzania tu. Suruali ya jinzi yenye ribiti ina asili yake kati ya watu wa kazi ngumu magharibi ya Marekani, wakiwemo wachimbaji. Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, alianza kugongea ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko ili isichanike. Tarehe 20 Mei 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss walipata hataza ya ubunifu huo. Tatizo alilolitatua ndilo linaloonekana Nyarugusu leo: mara nyingi nguo haianzi kuharibika katikati ya kitambaa, bali mahali panapovutwa, yaani pembeni mwa mfuko, kwenye pandikizi la miguu na kwenye magoti.

Kombati na sheria

Nguo za mabaka zilitokana na haja ya askari kujificha. Ufaransa iliunda kikosi cha kuficha zana za vita mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Italia ilianza kuchapa kitambaa cha mabaka kwa wingi mwaka 1929. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia majeshi mengi yaliyafanya mabaka kuwa sehemu ya sare. Baadaye nguo hizo zikaingia mitaani kama mtindo, na pia katika michezo ya kuigiza vita kama airsoft, uliozuka Japani katika miaka ya 1970, ambapo wachezaji hulengana kwa bunduki za kuchezea zinazorusha vidonge vya plastiki. Katika nchi nyingi za Ulaya na Amerika raia huruhusiwa kununua kombati kuukuu dukani, na nguo za aina hiyo huingia katika marobota ya mitumba yanayosafirishwa Afrika.

Nchini Tanzania hali ni tofauti. Kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) kinamkataza mtu asiye askari kuvaa sare ya jeshi au vazi lenye mwonekano wa sare hiyo bila ruhusa. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya kijeshi waliyokuwa nayo. Tangazo hilo halikuhusu sare halisi za JWTZ pekee, bali pia nguo zinazofanana nazo. Kwa hiyo kusema “hii ni ya mtumba” au “haya ni mabaka ya jeshi la nchi nyingine” si kinga. Nchi nyingine za Afrika, zikiwemo Uganda, Zambia na Zimbabwe, nazo zina makatazo ya namna hiyo.

Msingi wa katazo ni kwamba mwananchi anapaswa kumtambua askari kwa mavazi yake. Katika maeneo ya dhahabu jambo hilo lina uzito wake. Mtu anayebeba dhahabu au fedha njiani anaweza kumsimamia aliyevaa kombati kwa kudhani ni askari, kumbe ni mnyang'anyi. Kwa upande wa pili, mchimbaji asiye na nia mbaya akikutwa amevaa suruali ya mabaka anaweza kukamatwa kwa nguo aliyoinunua kwa sababu tu haikuchanika upesi.

Zaidi ya sheria kuna sababu ya usalama kazini. Mabaka yamebuniwa ili mtu asionekane. Mchimbaji anahitaji kinyume chake: mwendesha winchi amwone, dereva wa lori amwone, na waokoaji wamwone kwenye kifusi. Hata pale sheria inaporuhusu mabaka, bado hayafai mgodini.

Mazingira ya kazi

Mchimbaji mdogo hushuka kwenye duara kwa kamba, kwa winchi au kwa kukanyaga miti iliyopigwa kama ngazi. Hutambaa katika njia nyembamba zilizoshikiliwa kwa matimba, huchonga mwamba kwa tindo na nyundo au kwa mashine, kisha mawe hupandishwa juu ndani ya viroba. Juu, mawe hupondwa au kusagwa kwenye karasha, huoshwa kwenye mwalo, na dhahabu hukamatwa kwa zebaki. Marudio huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi.

Kila hatua huishambulia nguo kwa njia yake:

- Msuguano wa mwamba hula magoti, viwiko na makalio.
- Kamba na viroba hula mabega na kiuno.
- Jasho na maji hulowesha nguo kwa saa nyingi, kwa kuwa chini ya ardhi mara nyingi kuna joto na unyevu.
- Vumbi la mawe huingia katikati ya nyuzi na kuzikata kidogo kidogo.
- Jua kali la Shinyanga hudhoofisha nyuzi za nguo ya mtu anayefanya kazi juu.

Kitambaa

Pamba ni zao la siku nyingi katika ukanda huu, na Shinyanga na Geita ni kati ya mikoa inayoilima. Kitambaa cha pamba hunyonya jasho, hupitisha hewa na hakiyeyuki kwenye moto. Nyuzi za pamba zina sifa isiyo ya kawaida: zikilowa huwa na nguvu zaidi kuliko zikiwa kavu. Kasoro yake ni kwamba hukauka polepole na huwa nzito ikilowa.

Poliesta na nailoni hustahimili msuguano na hukauka haraka. Kasoro yake ni joto. Poliesta huyeyuka ikifikia nyuzijoto 250 hadi 260 hivi za Selsiasi na kunata kwenye ngozi, jambo linaloweza kuongeza jeraha la moto. Anayefanya kazi karibu na mashine ya kuchomelea, jiko la kuchoma dhahabu au injini haifai avae nguo ya poliesta tupu.

Mchanganyiko wa pamba na nyuzi hizo hujaribu kupata faida za pande zote mbili. Sare ya jeshi la Marekani iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilishonwa kwa pamba na nailoni, nusu kwa nusu. Siri ya uimara wa kombati, kwa hiyo, ni kitambaa na mshono wala si mabaka. Mchanganyiko kama huo unapatikana katika ovaroli na suruali za rangi moja zinazotengenezwa kwa ajili ya viwanda na gereji.

Ufumaji nao una nafasi yake. Kitambaa cha jinzi na cha kaki hufumwa kwa mshazari: ukikitazama kwa karibu utaona mistari midogo iliyolala upande. Ufumaji huo hubana nyuzi nyingi pamoja na hustahimili msuguano. Aina nyingine huwa na nyuzi nene zilizopishana na kufanya miraba midogo. Kitambaa hicho huwa chepesi, na kikitoboka, tundu husimama kwenye ukingo wa mraba badala ya kuendelea kuchanika. Kwa anayetambaa chini, kitambaa kizito cha mshazari hufaa zaidi. Kwa anayefanya kazi juani, chepesi cha miraba humpunguzia joto.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Suruali nyingi za kazi huwa na gramu 240 hadi 300. Fulana ya kawaida huwa na gramu 150 hivi, ndiyo maana hutoboka upesi mtu akibebea kiroba begani.

Mshono na ukataji

Kitambaa kizuri kikishonwa vibaya hakidumu. Sifa zinazotafutwa ni hizi:

1. Mishono ya ndani ya mapaja na ya makalio ipitishwe mara mbili au tatu, na kingo zikunjwe ndani kama kwenye jinzi.
2. Pandikizi, mahali miguu ya suruali inapokutana, liwe na kipande cha ziada cha kitambaa. Bila kipande hicho, suruali hupasuka mtu akichuchumaa au akipanda ngazi.
3. Magoti, viwiko na mabega viwe na tabaka mbili.
4. Pembe za mifuko zifungwe kwa mshono mzito au ribiti.
5. Vifungo au zipu vifunikwe kwa kitambaa ili visinase kwenye kamba.
6. Mikono ya shati iwe na vifungo vinavyobana kwenye viganja.

Nguo isibane wala isipwaye. Ikibana huchanika kwenye mishono, na ikipwaya hunaswa. Jaribio rahisi ni kuivaa, kuchuchumaa kabisa, kisha kuinua mikono juu ya kichwa. Ikiwa inavuta popote, mahali hapo ndipo itakapopasukia.

Fundi cherehani wa kawaida anaweza kuongeza tabaka la magoti na pandikizi kwa kutumia kitambaa cha jinzi kuukuu. Uzi wa poliesta hufaa kwa kazi hiyo kuliko wa pamba, kwa kuwa hauozi upesi kwa jasho.

Hatari ya kunaswa

Karasha na mashine za kusaga huendeshwa kwa injini yenye mkanda na magurudumu yanayozunguka. Nguo inayopeperuka ikiguswa na mkanda huo humvuta mwenye nguo kabla hajaweza kujinasua. Makoti yasiyofungwa, mikono mirefu iliyo wazi, skafu na kamba za kofia ni hatari karibu na mashine.

Jambo hili linawahusu hasa wanawake, ambao wengi hufanya kazi ya kuponda mawe, kuosha na kuchekecha. Khanga au kitenge kilichofungwa kiunoni huwa na ncha mbili zilizo huru. Ovaroli nyingi zinazouzwa zimekatwa kwa umbo la mwanamume, na baadhi ya wanawake huona si heshima kuvaa suruali peke yake. Njia inayokubalika kwa wengi ni kuvaa suruali ya kazi pamoja na shati refu lililofungwa vifungo na kufika magotini, huku nywele zikifunikwa kwa kitambaa kilichobanwa nyuma. Khanga hubaki begani wakati wa kwenda na kurudi, lakini si mbele ya mashine.

Rangi na kuonekana

Rangi nyeusi, kijani cha msituni na kahawia hupotea kwenye giza na kwenye udongo. Njano, chungwa na buluu ya kung'aa huonekana kwa urahisi zaidi mchana. Gizani rangi peke yake haitoshi. Kinachosaidia ni ukanda wa kuakisi mwanga, ambao hurudisha mwanga wa tochi kuelekea kwa aliyeishika. Ukanda huo uzunguke kifua, mikono na miguu, ili mtu aonekane akiwa amesimama au amelala. Ukifunikwa na tope haufanyi kazi, hivyo hupanguswa kabla ya kushuka.

Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangalata, wilayani Kahama, waliokolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mtu aliyefukiwa hana nguo nyingine ila aliyoshuka nayo. Nguo nzima, mkanda imara na tochi ya kichwani haviwezi kuzuia duara kuporomoka, lakini ndivyo vitakavyokuwa naye hadi afikiwe.

Vumbi, zebaki na familia

Dhahabu ya ukanda huu mara nyingi hukaa kwenye miamba yenye kwazi. Vumbi lake lina silika, ambayo ikivutwa kwa muda mrefu husababisha ugonjwa wa mapafu uitwao silikosi na kumweka mtu katika hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu. Nguo haizuii vumbi kuingia puani; kazi hiyo ni ya barakoa maalumu na ya kulowesha mawe kwa maji. Ila nguo hubeba vumbi hadi nyumbani.

Zebaki ni hatari zaidi kwa jinsi isivyoonekana. Hugeuka mvuke hata bila kuchemshwa, na matone yake madogo hukaa kwenye mikunjo ya nguo na mifukoni. Mvuke huo hudhuru ubongo na figo, na wanaoathirika zaidi ni watoto wadogo na mimba iliyo tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini matumizi yake kwenye uchimbaji mdogo hayajaisha. Kwa hiyo nguo ya kazi:

- huvuliwa kazini au nje ya nyumba, na haitundikwi chumbani;
- hufuliwa peke yake, katika beseni lisilotumika kwa nguo za watoto wala vyombo;
- haitumiki kumfunika wala kumbebea mtoto.

Kwenye mitambo ya sayanaidi huongezwa glavu za mpira, aproni ya plastiki na miwani. Nguo ikirushiwa maji ya sayanaidi huvuliwa mara moja na ngozi huoshwa kwa maji mengi.

Viatu

Ndala na yeboyebo hazizuii jiwe, wala katambuga, ijapokuwa soli yake ya tairi hudumu miaka. Gambuti huzuia maji na tope, na zenye bamba la chuma mbele hukinga vidole. Suruali huvaliwa nje ya gambuti ili mawe yasiingie ndani, isipokuwa mahali penye maji mengi au kamba, ambapo huingizwa ndani. Soksi za pamba hupunguza malengelenge na fangasi.

Kuchagua mitumba

Katika masoko ya Katoro, Kahama na Geita mnunuzi anaweza kuipima nguo bila kifaa chochote:

- Kuinua kitambaa juani: mwanga ukipenya sana magotini au makalioni, nyuzi zimekwisha.
- Kuvuta mshono kwa mikono miwili: uzi ukionekana kuachia, fundi atahitajika mara moja.
- Kusugua kwa ukucha: kikitoa manyoya, kimechakaa.
- Kuchoma uzi mmoja uliochomolewa, baada ya kuinunua: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Bei hulinganishwa na muda. Kwa mfano, suruali ya shilingi 10,000 inayodumu miezi 2 inagharimu shilingi 5,000 kwa mwezi. Ya shilingi 25,000 inayodumu miezi 10 inagharimu shilingi 2,500 kwa mwezi. Iliyoonekana ghali ni rahisi kwa nusu.

Utunzaji

Tope huondolewa kwa maji nje ya nyumba, wala halipigwi brashi likiwa kavu, ili vumbi lisiruke. Dawa za kung'arisha zenye klorini hudhoofisha pamba. Nguo za nailoni huanikwa kivulini. Kiraka huwekwa kitambaa kinapoanza kuwa chepesi, kabla ya tundu kutokea, na hushonwa kuvuka sehemu dhaifu hadi kwenye kitambaa kizima.

Nani anunue

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Kwenye maduara ya wachimbaji wadogo suala hili huleta utata, kwa sababu wengi hawalipwi mshahara bali hugawana viroba vya mawe na mwenye duara au mfadhili. Mahali ambapo gharama ya mafuta, matimba na chakula hutolewa kwanza kabla ya mgawo, gharama ya ovaroli, kofia na gambuti inaweza kuingizwa kwenye hesabu hiyohiyo. Vikundi vinavyoagiza nguo pamoja hupata pia nafasi ya kuchagua rangi moja inayoonekana, isiyofanana na sare ya chombo chochote cha dola.

Tazama pia

- Dhahabu
- Mkoa wa Geita
- Mkoa wa Shinyanga
- Pamba
- Silikosi
- Zebaki